Ganzi si Moja, na Mnazi si Ganzi

Wenzangu wa Rabai, kutoka Mazeras mpaka Ribe, leo tuongee meno. Kuna mtu saa hii gego la mwisho linampasua taya, na bado anasukutua maji ya chumvi, anabandika karafuu, jioni anashusha mnazi. Ukimwambia akang'oe: "Naogopa sindano." Akipata moyo kidogo, anauliza ganzi ipi ndiyo kali.

Mimi si daktari, chuo chenyewe niliacha. Lakini hii nimeisoma, na naona tunabishana kando ya jambo.

Ile iliyozoeleka ni lignokaini, ya Uswidi, iko sokoni tangu 1948. Ya meno huwa asilimia 2, na adrenalini kidogo ya kubana mishipa ili damu isimwagike sana na ganzi isiishe haraka. Artikaini, ya Ujerumani, ilikuja 1976. Huwa asilimia 4 na inapenya mfupa vizuri zaidi, ndio maana inasifiwa. Bupivakaini inachelewa kushika, lakini ikishashika inakaa masaa mengi. Unafika nyumbani bado mdomo umekufa.

Ipi bora? Kwa wengi wetu, lignokaini inatosha. Gego la chini hufishwa kwa kudunga karibu na neva huko nyuma ya taya, na hapo ustadi wa mkono una uzito kuliko jina la dawa.

Adui wa kweli ni kuchelewa. Jino likishafanya usaha, nyama ya pale inakuwa na asidi, na asidi inazuia ganzi kuingia kwenye neva. Mtu anadungwa mara mbili, tatu, bado anaumia, kisha anarudi mtaani kusema daktari hajui kazi. Jamani, wewe ulisubiri miezi mingapi?

Kwenye kile kiti, sema ukweli: presha, moyo, mimba, dawa unazotumia, sindano iliyowahi kukudhuru. Na mnazi pia. Uliza: "Unanidunga gani? Itakaa muda gani?" Huo si ujeuri, mwili ni wako. Kusukumwa utasikia. Ukisikia uchungu mkali, inua mkono, usijikaze. Ataongeza, ila kuna kipimo kulingana na uzito wako, usimlazimishe apite.

Ukitoka, usile mpaka ganzi iishe. Utajitafuna shavu.

Mtumie hii rafiki yako mwenye shavu limevimba. Anajijua.