Kabla Mashine Haijazimwa, Uliza Maswali Haya

Ndugu zangu wa Garissa, Wajir na Mandera, hebu tuongee jambo linalokuta familia wakati hakuna mtu ana nguvu ya kufikiri. Kijana ameanguka na bodaboda, kichwa kimeumia, amewekwa mashine ya kupumua ICU. Baada ya siku kadhaa daktari anawaita: ubongo umekufa. Lakini nyinyi mnaona kifua kinapanda na kushuka, mwili una joto, moyo unapiga. Mtaamini vipi?

Elewa kwanza: hii si koma. Mtu wa koma anaweza kuamka. Ubongo wote ukishakufa, harudi. Ndiyo maana lazima iwe hakika.

Hakika hiyo kwa kawaida inatoka kitandani. Madaktari wanatakiwa kujua chanzo, kuhakikisha mwili haujapoa, presha haijashuka, na dawa za usingizi zimeisha mwilini. Kisha wanaangalia kama mboni zinashtuka kwa mwanga na kama mgonjwa anakohoa koo likiguswa. Mwisho mashine inasitishwa huku oksijeni ikiendelea, waone kama atavuta pumzi mwenyewe, na damu yake inapimwa. Mguu ukitikisika msishtuke, uti wa mgongo unaweza kufanya hivyo peke yake.

Vipimo vya ziada ni vya pale hayo hayawezi kukamilika: uso umevunjika na macho yamevimba, mapafu ni mabovu sana, au dawa za usingizi bado zimo. Hapo wanapima kama damu inafika kwenye ubongo, kwa angiografia, picha za nyuklia au ultrasaundi ya Doppler. Mwongozo wa wataalamu wa nchi nyingi uliotoka 2020 unasema hivyo. Kipimo cha umeme wa ubongo, EEG, mwongozo huo haukihimizi tena pale sheria haikitaki, kwa sababu dawa za usingizi zinaweza kukivuruga.

Na CT scan je? Inaonyesha damu iliyovuja na uvimbe, yaani chanzo. Peke yake haithibitishi kifo.

Sasa makosa ni mawili. La kwanza, kukubali kwa sababu tumeonyeshwa picha ya CT tu. La pili, kuuza ngamia na kukodi ambulensi hadi Nairobi, zaidi ya kilomita 350, kutafuta mashine kubwa wakati vipimo vya kitandani vilikamilika sawasawa. Mashine kubwa haimrudishi aliyekwenda, inabakisha deni kwa mayatima.

Sheria iko upande wako. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 8, inampa mgonjwa, au msimamizi wake kama hajiwezi, haki ya kuelezwa hali yake na vipimo vilivyopo, inapowezekana kwa lugha anayoielewa. Kama mama anajua Kisomali tu, itisha mkalimani. Si kuombwa msamaha, ni haki.

Na dini? Baraza la Fiqhi la OIC lilikaa Amman 1986 likakubali kwamba ubongo ukisimama kabisa, na madaktari bingwa wakaamua hautarudi na umeanza kuoza, huyo amekufa. Baraza la Fiqhi la Rabita, Makka, 1987, liliruhusu mashine kuondolewa lakini likasema hukumu za kifo zinaanza moyo na pumzi vikisimama. Tofauti hiyo si ndogo: eda ya mjane na mirathi vinahesabiwa kutoka hapo. Muiteni sheikh mapema.

Kwa hivyo uliza: Chanzo ni nini? Dawa za usingizi zilisimamishwa lini? Kipimo cha pumzi kimefanywa, na nani? Kama hakikukamilika, kipimo gani cha ziada kitafanywa, wapi, kwa bei gani? Saa ya kifo itaandikwa ipi?

Daktari mzuri hatakasirika. Mtumie mwenzako ujumbe huu leo, kabla hajauhitaji.