Ndege wa Kisenyi Nao Wahesabiwe

Kila muhula Chama cha Elimu ya Viumbe cha shule yetu hufanya safari moja. Wanachama huondoka alfajiri, huenda Mabamba kando ya ziwa, hupanda mitumbwi, humtafuta bulwe, yule ndege mkubwa mwenye mdomo mpana kama kiatu, na wakirudi huandika habari zake katika gazeti hili. Habari hizo ni nzuri, nami huzisoma zote. Lakini tangu nilipoingia shule hii sijasoma hata safu moja juu ya ndege wa mjini Kampala, seuze wa Kisenyi. Muhula uliopita nilitoa shauri kwamba safari moja ifanywe Kisenyi, ambako ndiko kwetu. Mkutano wote ulicheka. Mwenzangu mmoja wa Senior Five alisimama akasema kwamba huko hakuna ndege ila kaloli na kunguru, na kwamba kaloli si ndege wa kutazamwa, ni ndege wa kufukuzwa. Sikupata nafasi ya kumjibu, maana kengele ya chakula ililia, na ninyi mwajua jinsi mkutano unavyokwisha kengele hiyo inapolia. Basi namjibu hapa.

Kwanza, Kisenyi si mahali pasipo viumbe. Jina lenyewe katika Luganda ni la bonde lenye majimaji, na ingawa leo bonde limejaa mashine za kusaga mahindi, karakana za vyuma, maduka ya Wasomali na mabasi, maji hayajasahau njia yake. Mvua ikinyesha juu ya vilima vya Mengo na Old Kampala, maji yote huteremka kwetu, huingia katika mfereji wa Nakivubo, kisha huenda kwenye kinamasi na mwisho ziwani. Penye maji pana ndege. Simama kando ya mfereji asubuhi utamwona nnamunye, mweusi na mweupe, akitikisa mkia juu ya takataka kama mwenye nyumba anayekagua ua wake. Utamwona pengine fundichuma, yule wa rangi ya kahawia mwenye kichwa kama nyundo. Na katika mtaa wenye wahunzi wengi kama wetu, sioni jina lililompasa ndege mahali pake zaidi ya hilo. Penye mashine za unga wapo njiwa na shomoro, ambao hawajui siku ya njaa.

Pili, wengi wetu tunapofundishwa habari za majira husoma juu ya majira manne ya Ulaya, theluji na majani yanayoanguka, kisha twadhani kwamba sisi tulio karibu na mstari wa Ikweta hatuna majira. Tunayo, na ndege wanayajua kuliko kalenda ya ukutani. Mvua kubwa ni ya Machi hadi Mei, na mvua ya pili ni ya Septemba hadi Novemba. Baada ya mvua kunyesha kumbikumbi hutoka ardhini, na hapo mwewe, kunguru na mbayuwayu wote huwa juu ya paa moja, wakigombana. Mwezi wa Novemba Waganda huuita Musenene kwa sababu ya senene, na ijapokuwa watu wa Kampala huwakamata kwa taa kali na mabati usiku kucha, wale wanaobaki alfajiri ni karamu ya mwewe. Mtu aangaliaye juu hahitaji kuambiwa ni mwezi gani.

Na wapo wageni. Kuanzia Septemba mbayuwayu wa Ulaya na Asia hufika, na hukaa hadi karibu na Aprili. Ni ndege wa uzito wa gramu 20 hivi, uzito wa vijiko vichache vya sukari, naye amevuka jangwa la Sahara. Asichanganywe na mbayuwayu wa hapa anayefanana naye: mgeni ana tumbo jeupe na ukanda mweusi usiokatika kifuani, na huyu wa kwetu ana tumbo la kijivu. Hutua juu ya nyaya za umeme pamoja, na chini yao watu hupita na magunia bila kuinua macho.

Zamani watu wa Ulaya hawakujua ndege wao waendako wakati wa baridi. Wengine waliamini kwamba hujificha chini ya maji. Ndipo mwaka 1822, karibu na Klütz katika Ujerumani, akapigwa korongo mweupe aliyekuwa na mkuki shingoni, mkuki wa urefu wa sentimita 80 hivi, uliotengenezwa kwa mti wa Afrika. Ndege yule alikuwa amechomwa huku kwetu akaruka nao mpaka kwao. Hata leo amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Nawaza mara nyingi juu ya Mwafrika yule aliyerusha mkuki wake akadhani amekosa kitoweo, kumbe amewapelekea wataalamu wa Ulaya jibu la swali lao.

Sasa nije kwa kaloli, ambaye ndiye aliyechekwa. Kaloli ni wa ukoo wa korongo. Kimo chake chaweza kufika mita moja na nusu, na mabawa yake yakikunjuliwa yapita mita mbili na nusu. Kichwa hakina manyoya, shingoni ananing'iniza mfuko mwekundu, na miguu yake huonekana myeupe. Weupe ule si rangi. Ni kinyesi chake mwenyewe, anachojimwagia ili apoe jua linapokuwa kali. Sisemi kwamba ni mzuri. Ninasema kwamba anastahili kutazamwa. Mwangalie akiwa juu: korongo wengine huruka wamenyoosha shingo, yeye huikunja kama mzee aliyevaa koti zito, na miguu humtokeza nyuma ya mkia. Akiwa kwenye kiota hugonga mdomo wake ukalia kama mbao mbili.

Na habari zake zina elimu ndani yake. Profesa Derek Pomeroy wa Makerere aliandika juu ya maisha ya kaloli wa Uganda katika miaka ya 1970. Mwaka 2017 yeye na Michael Kibuule walitoa makala katika jarida la Scopus wakaonyesha kwamba kaloli wa Kampala sasa huanza kutaga miezi minne mapema kuliko walivyofanya zamani. Miezi minne, ndugu zangu! Mkulima akipanda miezi minne kabla ya wakati wake tungesema amerukwa na akili. Mimi nadhani sababu yake ni chakula. Porini kaloli hungoja kiangazi, maji yanapopungua na samaki na vyura wanapokwama madimbwini. Mjini hana haja ya kungoja, kwani jaa letu halina kiangazi. Lakini sababu iwe hiyo au nyingine, angalia jambo hili: badiliko kubwa namna hiyo lilitokea juu ya vichwa vyetu, na lilijulikana kwa kuwa tu palikuwa na watu waliohesabu viota mwaka baada ya mwaka. Sisi tuliokuwa tukipita chini yake na kujikinga vichwa kwa madaftari hatukujua.

Hapo ndipo penye hofu yangu. Mjini yuko ndege mwingine ambaye watu humchanganya na kaloli au na mwewe, naye ni tumbusi mdogo, mwenye uso wa waridi na mdomo mwembamba. Mwaka 2015 aliwekwa katika daraja la mwisho kabisa la viumbe walio hatarini kutoweka duniani. Sumu inayotegwa kwenye mizoga humwua, na katika nchi nyingine za Afrika huuawa kwa ajili ya dawa za waganga. Akipungua simba, dunia nzima hupata habari. Akipungua tumbusi wa Kampala, nani atakayesema, nasi tumekwenda Mabamba? Mwewe ana mkia wenye panda, kaloli ana miguu mirefu, tumbusi hana hiki wala kile. Kujifunza kuwatambua watatu hao ni kazi ya nusu saa.

Wale wasemao kaloli wafukuzwe na miti yao ikatwe, nawauliza: je, ni kaloli aletaye takataka? Tangu mwaka 1996 taka za Kampala zilipelekwa Kiteezi, na tarehe 10 Agosti 2024 mlima ule wa taka uliporomoka ukaua watu zaidi ya 30. Nyumba zilizofukiwa hazikuwa za matajiri. Kaloli walikuwako Kiteezi siku zote, wakila yale tuliyoyatupa. Ukiukata mti atahamia mti wa pili. Ukipunguza taka atapungua mwenyewe. Hata hivyo sitaki kudanganya kwamba kukaa chini ya mti wake ni raha. Jirani yetu anikaye nguo chini ya mti wenye viota vitano ana maneno yake juu ya jambo hili, na hayafai gazeti la shule.

Mwenzangu wa Senior Five alisema pia kwamba Kisenyi kuna wezi, na darubini za chama zitaibwa. Wezi wako kila mahali penye watu, lakini shauri lake si la kudharau. Kwa hiyo darubini zibaki shuleni. Kaloli hahitaji darubini, na mbayuwayu juu ya waya yuko karibu kuliko ubao wa darasani. Kinachotakiwa ni daftari, kalamu, na watu wanne ambao watakwenda mahali pale pale, siku ile ile ya mwezi, saa moja asubuhi, mvua ikinyesha au isinyeshe. Gharama yake ni nauli ya teksi, na sisi tukaao huko hata hiyo hatuihitaji.

Wala si ajabu Kisenyi kuchunguzwa. Mwaka 1957 Southall na Gutkind walitoa kitabu kizima juu ya maisha ya watu wa Kisenyi na Mulago. Wageni waliona kwamba mtaa wetu wastahili kitabu; sisi twaona haustahili ukurasa. Katika Senior One wako watoto wawili wa kwetu, ambao wakiulizwa watokako husema "karibu na Mengo". Mmoja wao aweza kuwatofautisha mwewe na tumbusi kutoka dirisha la bweni, na hakuna aliyepata kumwuliza.

Mimi nitamaliza masomo mwaka huu, kwa hiyo sijiombei cheo katika chama. Naomba kwamba mkutano ujao shauri langu lisomwe tena, kabla ya kengele ya chakula, na kura zipigwe. Likikubaliwa, Jumamosi ya kwanza ya Septemba nitakuwa kwenye daraja la mfereji, na kazi ya kwanza itakuwa kuandika siku mbayuwayu mgeni wa kwanza atakapoonekana juu ya waya.