Ilimba, Gitaa na Sikio la Mwalimu

Wanachuo wengi wakitakiwa kufundisha muziki huanza na do-re-mi, nayo huichukua katika kinanda cha kwaya. Mtoto asiyeifuata huambiwa amekosea sauti. Kwa maoni yangu desturi hiyo yaua muziki darasani, na ushahidi wangu ni albamu iitwayo Assembly, iliyotolewa mwaka 2002 na kampuni ya Real World ya Uingereza.

Mwimbaji wake ni marehemu Hukwe Zawose, Mgogo, mtunzi aliyepata kufundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo na aliyefariki mwaka 2003. Mwenzake ni Michael Brook wa Kanada, aliyebuni gitaa la umeme ambalo sauti yake hudumu bila kufifia. Ni kazi ya majaribio hasa: mitambo yanguruma chini, na sauti ya Zawose yapanda ikawa nyembamba mno, kisha yashuka ikawa mkoromo. Wapo wanaolalamika kwamba umeme umeufunika muziki wa Kigogo. Siafikiani nao, ingawa katika nyimbo fulani ningependa mitambo ipunguzwe. Nisikialo mimi ni kwamba ilimba, yaani marimba ya vyuma vinavyodonolewa kwa vidole gumba, imebaki na lafudhi yake kando ya gitaa.

Lafudhi hiyo ina asili yake. Muziki wa Kigogo hufuata sauti za maumbile, zile zitokazo katika pembe inapopulizwa kwa nguvu zinazozidi. Sauti ya saba katika mfululizo huo iko chini ya sauti ya kinanda iliyo jirani nayo kwa karibu theluthi moja ya hatua iliyo kati ya vibonye viwili vinavyofuatana. Aliyezoea kinanda atasema imepotoka. Mwanachuo asiyesadiki na achukue mpira wa kumwagilia maji wenye urefu wa mita 3, aupulize kama baragumu, huku akizidi kukaza midomo. Atapanda ngazi ya sauti ambayo hakuna fundi aliyeitengeneza.

Sasa tutazame shule zetu za Mbulu na Hanang. Humo wamo Wairaqw, Wadatoga na, upande wa Yaeda Chini, Wahadzabe. Lugha zao hazina hata asili moja. Kwa nini nyimbo zao zipimwe kwa kipimo kimoja? Katika mazoezi ya kufundisha nilimwona msichana wa darasa la nne akiimba wimbo wa kusifu ng'ombe. Mwanachuo alimkatiza mara tatu ili ampe "do" sahihi. Mara ya tatu mtoto aliketi, wala hakuinuka tena. Na andalio la somo lilisema shabaha ni watoto waimbe kwa uhuru!

Ningeshauri mwalimu awasikilizishe watoto wimbo mmoja wa Assembly, hata kwa simu, bila kutangulia kueleza. Awaulize ni sauti zipi zatoka katika chuma na zipi katika umeme, awaache wabishane. Kisha walete nyimbo za nyumbani, na mwendo wa sauti wauchore ubaoni kwa mstari unaopanda na kushuka. Do-re-mi siikatai, maana kwaya zetu zaihitaji. Ifundishwe baadaye, kama kipimo kimojawapo. Kwa majuma mawili ya kwanza kinanda kibaki kabatini.