Maumivu ya Mgongo na Shingo: Tusikimbilie Sindano



Kila Jumatatu benchi la wagonjwa wa nje hujaa akina mama na akina baba walioshika kiuno. Wengi huomba jambo moja: "Nesi, nichome sindano." Kwa maoni yangu, sindano hiyo tumeipa heshima isiyostahili.

Sindano au vidonge vya diklofenaki hutuliza kwa saa kadhaa tu. Vikizoeleka huleta vidonda vya tumbo, hupandisha shinikizo la damu na kudhuru figo. Mama mmoja alinunua vidonge dukani kwa miezi. Aliletwa kwetu akitapika damu, na mgongo bado ulikuwa unauma.

Parasetamoli ina madhara machache zaidi ukifuata kipimo, lakini utafiti wa Australia wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba haiharakishi kupona mgongo. Mwaka 2023, utafiti mwingine wa huko ulionyesha kwamba hata dawa kali za jamii ya mofini hazikushinda vidonge visivyo na dawa, kwa maumivu mapya ya mgongo na shingo.

Je, mkanda wa kiuno na kuvutwa kwa mizigo? Kwa mgongo wa muda mrefu, Shirika la Afya Duniani lilishauri Desemba 2023 visitumike kama kawaida. Kuchuliwa kwaweza kusaidia. Ila usikubali mtu akunyonge shingo kwa ghafla. Mshipa wa damu uendao kwenye ubongo waweza kuchanika.

Kinachobaki ni mazoezi, nayo hayauzwi. Usilale kitandani siku nyingi. Tembea kila siku. Lala chali, vuta magoti kifuani polepole. Geuza shingo taratibu, kulia na kushoto. Ukiinua ndoo, kunja magoti. Mzigo mzito ugawe mara mbili. Nafuu haiji kesho. Vumilia wiki kadhaa.

Lakini njoo hospitali upesi ukiona haya: miguu kulegea, ganzi sehemu za siri, mkojo kuziba au kujitokea, homa, kukonda, au maumivu baada ya kuanguka. Kifua kikuu hushambulia hata uti wa mgongo.

Akina baba, nanyi bebeni ndoo na kuni. Hiyo ni tiba ya mgongo wa mama kabla haujauma.