Brashi ya nywele ya kijana wako

Kijana anayefungasha sanduku kwenda bweni, iwe Tabora Boys au shule nyingine, hukumbushiwa godoro, ndoo na madaftari. Brashi ya nywele husahaulika, naye huishia kuazima ya mwenzake. Hapo mapunye hupata njia. Ni fangasi, na huhama kwa brashi, chanuo, kofia, hata mashine ya kinyozi isiyosafishwa.

Kwa nywele fupi, mzazi, tafuta brashi yenye nyuzi laini zilizosongamana. Ipitishe upande wa ndani wa mkono: ikikwaruza hapo, itakwaruza na kichwa. Vuta nyuzi kidogo. Zinazong'oka dukani hazitadumu nyumbani. Mpini wa mbao usilowekwe, hupasuka.

Kuna jambo wauzaji wachache hulisema. Brashi nyingi za bei huandikwa "boar", yaani nyuzi zake ni nywele za nguruwe. Tabora, ambako Uislamu una mizizi tangu misafara ya Bagamoyo na Ujiji, nyumba nyingi zingependa kujua hilo kabla ya kulipa. Nyuzi za nailoni zinatosha kabisa, na huosheka kirahisi.

Ioshwe kila wiki kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ikauke nyuzi zikitazama chini. Mabaka yenye magamba yakitokea kichwani, krimu pekee haitoshi, maana fangasi huingia ndani ya unywele. Mtoto apelekwe kituo cha afya. Dawa ni ya kumeza, kwa wiki kadhaa. Brashi ya zamani itupwe.