Kushawishi na kusadikisha si kitu kimoja

Mwanasiasa akigawa chumvi na vitenge wakati wa kampeni, sisi waandishi wa habari tunasema « anashawishi wapiga kura ». Mimi pia nimeandika hivyo. Lakini kanisani, kishawishi ni kile kinachomvuta mtu kwenye dhambi, na nadhani hapo kanisa linasema kweli kutupita.

Mahakamani, wakili anaweza kuongea vizuri hadi watu wacheke. Hakimu bado anangoja ushahidi wa kumsadikisha. Sokoni, mama anakuapia kitenge hakichuji. Unakishika, unauliza, unaweza kwenda zako.

Kwangu tofauti iko hapo: anayeambiwa anaweza kuuliza na kukataa?

Beni na Butembo wanajua. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, na magari yenye vipaza sauti yakapita mitaani. Raia waliochoka kuzika ndugu zao waliouawa na waasi waliuliza kwa nini wageni wote hawa wamekuja kwa ugonjwa huu tu. Desemba, kura yao ikaahirishwa, Ebola ikitajwa kuwa sababu, wakati masoko na makanisa yalikuwa wazi. Baada ya hapo kipaza sauti kingemsadikisha nani? Februari 2019, vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa.

Hadi ugonjwa unatangazwa kwisha Juni 2020, watu zaidi ya 2 200 walikuwa wamekufa. Waliopona walifanya kazi ndani ya vituo, wakitunza wagonjwa na watoto. Hao, jirani aliweza kuwauliza: uliingia, ulitokaje?