Kabla ya Kuwa Tundu, Ulikuwa Mlango

Mzazi akiambiwa kwamba mwanawe ana tundu kwenye moyo, picha inayomjia ni ya kitu kilichokuwa kizima kikatobolewa, kama ndoo inayovuja au gunia lililotafunwa na panya. Na kitu kikitobolewa, hapakosi aliyetoboa. Ndipo maswali yanapoanza: mama alikula nini, alibeba mzigo gani, alipishana na nani, nani alimtupia jicho. Toleo hili limeandaliwa kupinga picha hiyo. Tunaipinga kwa kuwa inakisoma kitabu kuanzia ukurasa wa mwisho, wala si kwa sababu tu kwamba inawaumiza kina mama, ingawa inawaumiza. Moyo haukuwahi kuwa mzima kisha ukatobolewa. Ulianza ukiwa wazi, ukagawanywa hatua kwa hatua, na matundu mengi tunayoyaita ugonjwa ni milango ambayo kila mmoja wetu aliwahi kuwa nayo. Hoja yetu ni kwamba umbo la moyo wa mtu mzima halieleweki sawasawa mpaka ijulikane lilivyojengwa.

Mchoro wa shuleni tunaufahamu sote: vyumba vinne, viwili juu na viwili chini, upande mmoja bluu na mwingine mwekundu, na kiambaza kinene katikati. Mchoro huo ni wa kweli, na ulipatikana kwa jasho. Galen, tabibu wa karne ya 2, alifundisha kwamba damu hupenya kutoka chumba cha chini cha kulia kwenda cha kushoto kupitia vitundu vidogo ndani ya kiambaza hicho, na kwa zaidi ya miaka elfu moja wengi waliamini hivyo. Mwaka 1242 Ibn al-Nafis, mwanazuoni mzaliwa wa Damascus aliyefanya kazi Cairo, alikataa. Kiambaza hicho, alisema, hakina tundu linaloonekana wala lisiloonekana. Damu haina budi kuzunguka kupitia mapafu. Kwa mtu mzima mwenye afya, Ibn al-Nafis alikuwa sahihi na Galen alikosea. Lakini wote wawili walikuwa wakiuzungumzia ukuta ambao, katika wiki za mwanzo za maisha ya kila binadamu, haukuwa umekamilika. Mchoro wa vyumba vinne hutuonyesha nyumba iliyokwisha kupakwa rangi, bila kutuambia mafundi walipita wapi.

Ujenzi wenyewe huanza mahali pasipotarajiwa. Katika wiki ya tatu tangu mimba kutungwa, seli zitakazokuwa moyo hujipanga kama mwezi mwandamo mbele ya sehemu itakayokuwa kichwa, si kifuani. Kiinitete kinapojikunja ndipo zinaposhushwa kuelekea kifuani, na mirija miwili myembamba inayotokana nazo huungana kuwa mmoja. Ifikapo siku ya 22 hivi mrija huo huanza kupiga, wakati kiinitete chenyewe hakijafika hata milimita 4. Hauna vyumba, hauna vali, wala hauna kushoto na kulia kwa maana tunayoijua. Lakini hauwezi kusubiri ukamilike. Hadi hapo chakula na oksijeni vilikuwa vikipenya vyenyewe kutoka seli hadi seli. Sasa mwili umenenepa kiasi kwamba njia hiyo haitoshi. Hapa ndipo penye ufunguo wa mambo yote yanayofuata: moyo hujengwa huku ukifanya kazi. Fundi wa nyumba anaweza kuwaambia wenyeji wahame kwa miezi miwili. Fundi wa moyo hana ruhusa ya kusimamisha damu hata kwa dakika chache.

Sharti hilo moja ndilo linaloeleza mambo ambayo mchoro wa shuleni huyaacha yakiwa mafumbo. Mrija huongezewa seli kwenye ncha zake mbili, na kwa kuwa hauna nafasi ya kunyooka, hujipinda kuelekea kulia. Sehemu iliyokuwa nyuma hupanda juu kuwa vyumba vya kupokea damu, na iliyokuwa mbele hushuka kuwa vyumba vya kuisukuma. Kisha viambaza huanza kuota. Kile cha juu hushuka kama pazia kuelekea katikati ya moyo. Kikifika chini na kuziba kabisa, damu itokayo kwenye kondo la nyuma, yenye oksijeni, itakosa njia ya kufika upande wa kushoto, nayo mapafu bado hayajaanza kazi. Kwa hiyo, kabla mwanya wa chini haujafungwa, seli za sehemu ya juu ya pazia hufa kwa mpango na kufungua mwanya mwingine. Baadaye kiambaza cha pili huota ubavuni mwa kile cha kwanza, kikiacha nafasi yenye umbo la yai, na pazia la zamani hubaki likiifunika kama mlango unaofunguka upande mmoja tu. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa fundi hujenga ukuta na kuutunza ufa kwa makusudi, kwa kuwa mtoto aliye tumboni anaishi kwa ufa huo.

Ushahidi ulio mzito zaidi uko kwenye mlango wa kutokea. Mwanzoni mshipa unaotoka moyoni ni mmoja. Ndani yake huota matuta mawili yanayokutana na kuugawa kwa mzunguko, kama ngazi ya kuzunguka. Ndiyo maana hadi leo aota na mshipa uendao mapafuni zimesokotana ndani ya kifua chako. Sasa tuchukue ugonjwa alioueleza daktari Mfaransa Étienne-Louis Fallot mwaka 1888, unaowafanya watoto kuwa na midomo na kucha za rangi ya samawati. Orodha yake ina kasoro nne: tundu kati ya vyumba vya chini, njia nyembamba ya kwenda mapafuni, aota iliyokaa juu ya tundu hilo, na msuli wa kulia ulionenepa. Kwa anayeutazama moyo uliokamilika tu, hizo ni bahati mbaya nne zilizomwangukia mtoto mmoja. Kwa anayejua ujenzi, ni jambo moja. Kiambaza cha njia ya kutokea kilisogea mbele kupita mahali pake: kikabana upande wa mapafu, kikauacha wazi mwanya ambao kilipaswa kuuziba, na aota ikajikuta imekaa juu yake. Msuli ulinenepa baadaye kwa kusukuma damu kwenye njia iliyobanwa. Maelezo yanayogeuza misiba minne kuwa hatua moja iliyopotoka yana haki ya kuitwa maelezo.

Msomaji anaweza kupinga kwamba mgonjwa anahitaji mpasuaji, si hadithi ya kiinitete. Tundu likionekana kwenye kipimo, lizibwe, basi. Upinzani huo una uzito, hasa katika nchi zetu ambako vituo vya kuwapasua watoto moyo ni vichache. Lakini historia ya upasuaji wenyewe inaujibu. Kabla ya kuzaliwa, mshipa mfupi wa mchepuko huunganisha njia ya mapafu na aota, na kwa kawaida hujifunga siku chache baada ya kuzaliwa. Mwaka 1938, mjini Boston, Robert Gross aliufunga mchepuko uliokataa kujifunga, na kufungua ukurasa wa upasuaji wa moyo wa watoto. Helen Taussig, wa hospitali ya Johns Hopkins huko Baltimore, aliona upande wa pili: baadhi ya watoto wa samawati walikuwa wakizidiwa pale mchepuko ulipojifunga. Mwaka 1944 yeye, mpasuaji Alfred Blalock na fundi wa maabara Vivien Thomas walitengeneza mchepuko mwingine kwa kuunganisha mshipa wa mkono na wa mapafu. Leo mtoto mchanga ambaye uhai wake unategemea mchepuko ule wa asili huweza kupewa dawa ya prostaglandini ili usijifunge mapema. Mlango uleule, kwa mtoto mmoja tiba ni kuufunga, kwa mwingine ni kuuacha wazi. Asiyejua kwa nini mlango uliwekwa hawezi kujua lini aufunge.

Pingamizi la pili ni la haki, na tunalikubali kwa sehemu. Si kila ugonjwa wa moyo ni mlango uliochelewa. Mishipa mikuu miwili inaweza kutoka ikiwa imebadilishana mahali, na huko hakuna lililochelewa ila mzunguko ulioshindikana. Baadhi ya matundu ya juu hutokea kwa sababu pazia lililiwa kupita kiasi, yaani mwili wenyewe ulitoboa zaidi ya ulivyopaswa. Tena vali nyingi zinazoharibika kwa watoto wetu zimeharibiwa na homa ya baridi yabisi, maradhi yanayoanza na maambukizi ya koo yasiyotibiwa, kwenye moyo uliozaliwa salama. Anayeeleza kila kitu kwa kiinitete atakosea kama yule asiyekieleza kabisa. Tunachodai ni kidogo kuliko hapo: hata makosa hayo ya ujenzi hayasomeki bila kujua ujenzi ulikusudia nini.

Linabaki swali la mkosaji. Sababu zinazojulikana zipo. Mwaka 1941 daktari wa macho wa Australia, Norman Gregg, alionyesha kwamba rubela inayompata mama mwanzoni mwa mimba humwachia mtoto mtoto wa jicho, na wengi wa watoto hao walikuwa na kasoro za moyo pia. Kisukari kisichodhibitiwa, pombe na baadhi ya dawa huongeza hatari, na karibu nusu ya watoto wenye sindromu ya Down huzaliwa na kasoro ya moyo. Lakini katika watoto 8 hadi 10 hivi wanaozaliwa na kasoro hizo kati ya kila 1,000, kwa wengi haionekani sababu moja ya kunyooshewa kidole. Na viambaza vya moyo hukamilika ifikapo wiki ya nane, wakati wanawake wengi ndio kwanza wanagundua kwamba wana mimba. Kwa hiyo mzigo uliobebwa mwezi wa sita hauna mashtaka ya kujibu. Kama kuna wajibu, ni wa mapema zaidi na ni wa jamii nzima: chanjo ya rubela kwa wasichana kabla hawajawa mama, na kliniki inayopima sukari kabla ya mimba.

Makala za toleo hili zimepangwa kwa kufuata ujenzi huo: mrija kwanza, viambaza, njia za kutokea, kisha pumzi ya kwanza, pale mapafu yanapojaa hewa, shinikizo la upande wa kushoto likapanda na ule mlango wa yai ukasukumwa kufunga. Mtu mzima mmoja kati ya wanne hivi, mlango wake haukugandana kabisa, na wengi wao huishi na kuzeeka bila kujua. Tumewaomba waandishi wetu walitumie neno "tundu" pale tu walipokwisha kueleza lilikuwa mlango wa nini. Tunawaomba madaktari na walimu wafanye vivyo hivyo, kwa sababu mzazi aliyekwisha kuelezwa hivyo ataacha kuuliza nani alitoboa, na atauliza swali lenye jibu: mlango huu hujifunga wenyewe, au tuufunge sisi, na lini?